Bei ya Ndugu

"Tano," alisema yule mama, akanyoosha vidole vya mkono mzima ili tusijifanye hatukusikia.

Dola tano, picha moja. Alikuwa amevaa gauni la njano, buluu na nyekundu, rangi za bendera ya Kolombia, na kichwani ana beseni la mapapai na mananasi ambalo hakulishika hata kidogo. Tulikuwa Plaza de los Coches, ndani tu ya lango la mnara wa saa, Cartagena. Jua la saa nne asubuhi lilikuwa limeshaanza kuuma shingo.

Mwenzangu, kijana wa Likoni anayefanya kazi chumba cha injini cha meli yetu ya kitalii, alinigeukia mimi badala ya yule mama.

"Kaka, mwambie sisi Waafrika. Atufanyie bei ya ndugu."

Nikamwambia, kwa Kihispania changu cha kuokoteza bandarini. Mama akatabasamu kwa dhati, akasema Afrika ni nzuri sana, akanyoosha vidole vile vile vitano.

Tulilipa. Picha ilitoka vizuri, kila mmoja wetu anacheka. Lakini njia nzima ya kurudi melini kijana wa Likoni hakuacha kunung'unika, na tangu siku hiyo, nikiwa napakia mashuka kwenye mashine kule dobi, ninajikuta nikibishana naye kichwani. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilichokuwa nacho ni kuudhika kidogo, kama yeye, na kutojua nimeudhishwa na nini.

## Mlango

Abiria wetu wengi hawakuona Cartagena ikija. Walikuwa wamelala, au wamepanga foleni ya mayai. Sisi wa zamu ya usiku tulitoka kuvuta hewa kwenye sitaha ya wafanyakazi kule omo, mbele ya meli, na mji tukaupokea kwa mpangilio wake.

Kwanza kabisa huoni mji. Unaona kisiwa cha Tierra Bomba kushoto, na mlango mwembamba wa maji unaoitwa Bocachica. Meli kubwa inapita katikati ya ngome mbili za chini, San Fernando upande mmoja na San José upande wa pili, karibu kiasi kwamba ungeweza kumsalimia mtu aliyesimama ukutani. Mtu atauliza, mbona meli ya ghorofa kumi na kitu ijibane pale, na huko kaskazini kuna mlango mwingine, Bocagrande, mpana mara nyingi zaidi? Ni kwa sababu Wahispania waliuziba. Walijenga ukuta wa mawe chini ya maji, ukakamilika mwaka 1778, ili adui asiwe na njia isipokuwa ile inayopita mdomoni mwa mizinga. Ukuta bado upo. Boti ndogo hupita juu yake, lakini meli zenye makasha, meli za mafuta na hizi zetu za kitalii hufuata mpaka leo njia iliyopangwa na wahandisi wa mfalme aliyekufa zamani.

Jambo hilo lilinipendeza kuliko yote niliyoyaona nchi kavu. Mtalii anayekuja kwa ndege anaambiwa kuwa huu ni mji wa ngome. Baharia anaingizwa ndani ya ngome hizo kwa namna zilivyokusudiwa zimwingize: polepole, akiwa na rubani wa bandari, akiwa anatazamwa.

Baada ya Bocachica ghuba inafunguka, unapita sanamu ya Bikira wa Karmeli iliyosimama peke yake majini, ambaye mabaharia Wakatoliki humhesabu kuwa mlinzi wao. Wafilipino wetu wawili walijifanyia ishara ya msalaba. Mbele yake kuna maghorofa meupe ya Bocagrande, marefu kama ya Dubai, halafu ndipo, kwa aibu, mabati na vigae vya mji wa kale.

Mwaka 1741 Admirali Edward Vernon wa Uingereza alikuja kwa mlango huu huu akiwa na meli zipatazo 186. Aliyemngoja alikuwa Blas de Lezo, Mhispania mwenye mguu mmoja, jicho moja na mkono mmoja usiofanya kazi. Vernon alivunja Bocachica, akatuma habari nyumbani kwamba mji umeanguka, na London wakatengeneza nishani za ushindi zenye sura ya Lezo akipiga magoti. Mji haukuanguka. Homa ya manjano na ngome ya San Felipe viliwamaliza maelfu ya watu wa Vernon, wengi wao mabaharia na askari ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wowote wa mji wala kuuziwa picha na mtu. Sanamu ya Lezo sasa iko mbele ya San Felipe. Waongoza watalii wanaipenda sana hadithi hii, na ninawaelewa: ina jeuri, ina kilema shujaa, na inaisha vizuri kwa upande wa nyumbani.

## Chini ya kasuku

Kabla sijafika mjini, niseme kuhusu wasiofika.

Gati la meli za kitalii liko Manga, na ndani ya uzio wake kuna bustani yenye kasuku wakubwa wa rangi, korongo waridi na tausi wanaozurura. Kuna duka, kahawa na intaneti. Wafanyakazi wa melini wengi wanaishia hapo. Nimewasikia abiria wakiwashangaa: umefika Cartagena na unakaa kwenye benchi ukitazama simu?

Hesabu ni rahisi. Saa nne asubuhi ya Cartagena ni saa kumi na mbili jioni ya Mombasa. Watoto wametoka shule, wameoga, magharibi inakaribia. Ndiyo saa pekee ambayo nyumba nzima iko pamoja na macho yako yako wazi. Mtu akikwambia uchague kati ya kuta za mawe na uso wa mwanao aliyeng'oka jino la mbele, wewe utakwenda kutazama mawe?

Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unasema mabaharia wapewe ruhusa ya kushuka nchi kavu kwa ajili ya afya na ustawi wao, kwa kadiri majukumu yao yanavyoruhusu. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayofanya kazi zaidi. Kuna zamu ya kubaki melini hata meli ikiwa imefungwa gatini, maana lazima wawepo watu wa kutosha wa kuzima moto na kushusha mashua. Kuna kazi ya asubuhi na kazi ya jioni. Katikati yake unabaki na saa nne ukibahatika, tatu mara nyingi, na ndani ya hizo kuna dawa ya meno ya kununua na pesa za kutuma.

Kwa hiyo anayetoka nje ya geti ameshatoa kitu. Kijana wa Likoni alikuwa amemwahidi mkewe simu, akaisogeza mpaka usiku, saa ambayo kwao ni alfajiri. Labda hapo ndipo chuki yake na zile dola tano ilipoanzia.

## Mfalme mmoja

Hatukuchukua teksi. Tulitembea kukatiza Manga, chini ya miti, tukipita majumba ya matajiri ya miaka mia moja iliyopita, tukavuka daraja la Román na kuingia Getsemaní. Hapo ndipo mguu wangu ulipoanza kunisaliti, kwa maana ulijua kutembea humo, kama kwetu Mombasa. Vichochoro vyembamba, kivuli upande mmoja tu. Kina mama wamekaa mlangoni. Roshani za mbao juu ya kichwa. Harufu ya samaki wa kukaanga na mfereji kidogo. Getsemaní ulikuwa mtaa wa mafundi na watu weusi huru, na ni kutoka huko umati ulitoka tarehe 11 Novemba 1811, mmoja wa viongozi wake akiwa fundi aliyeitwa Pedro Romero, kwenda kuulazimisha mji kutangaza uhuru. Siku hizi kuna miavuli ya rangi imening'inizwa juu ya barabara na vyumba vya kupangisha kwa usiku. Mwenyeji anayebaki ana subira.

Halafu tukapanda ukutani.

Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Ngomeni nilikuwa nikienda utotoni kama wengine wanavyokwenda uwanja wa mpira. Nilipoweka kiganja kwenye ukuta wa Cartagena, niliyajua yale mawe: matumbawe. Yana vishimo, yana alama za konokono wa kale, yanakwaruza mkono vile vile. Nikamwita kijana wa Likoni, naye akaweka kiganja, akasema, "Wallahi."

Hii si bahati tu ya bahari za joto. Mwaka 1586 Francis Drake aliuteka mji huu, akaukalia majuma kadhaa mpaka akalipwa dukati 107,000 ili auache bila kuuteketeza wote. Mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania akamtuma mhandisi Mwitaliano, Battista Antonelli, apange ulinzi mpya. Felipe huyo huyo alikuwa pia mfalme wa Ureno tangu 1581. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, ile ya kwetu Mombasa, kwa amri ya taji lake, na ramani ikachorwa na Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Mfalme mmoja, mafundi wa shule moja, mawe ya bahari, na watu waliolazimishwa kuyabeba. Hata misiba ilikaribiana: mwaka 1697 Wafaransa waliivunja na kuipora Cartagena, na mwaka huo huo Ngome ya Yesu ilikuwa imezingirwa na Waomani, watu ndani wakifa kwa njaa na maradhi.

Nilisimama pale juu nikajisikia nyumbani kabisa.

Na hilo ndilo lililokuja kunisumbua baadaye. Kilichonifanya nijisikie nyumbani ni kazi ya mfalme. Mimi na Cartagena tuliunganishwa na aliyetutawala sote wawili, kisha nikashuka ukutani nikamdai yule mama wa mabeseni undugu.

## Soko la watumwa, na sasa tuelekee kwenye peremende

Baharia halipii mwongoza watalii. Tunachofanya ni kujibanza nyuma ya kundi la abiria wa meli yetu wenyewe na kusikiliza bure, tukijifanya tunatazama roshani. Wao hawatutambui bila sare. Mimi ningewatambua kwa foronya zao.

Mwongozaji alikuwa mahiri, mcheshi, na alijua kuhesabu watu wake bila kuwatisha. Plaza de los Coches, alisema, ndipo palipouzwa Waafrika, maana Cartagena ilikuwa bandari kuu iliyoruhusiwa na taji kuingiza watumwa Amerika ya Kusini ya Wahispania. Alisema hivyo akiwa ametazama chini, kwa heshima. Haikuzidi sekunde ishirini. Kisha akageuka na mkono wake, na kundi likageuka naye, kuelekea Portal de los Dulces, safu ya matao ambako wauza peremende wamepanga mitungi ya vioo.

Simlaumu. Ana saa tatu, ana San Felipe, ana Las Bóvedas na maduka yake ya zumaridi, na dereva wa basi anapiga honi.

Chini ya matao tulinunua kashata. Wanaiita cocada, lakini ni kashata ya nazi, nyeupe na ya hudhurungi. Kuna nyingine ya duara, alegría, ya punje za mtama mdogo, nazi na sukari guru. Kijana wa Likoni alikula tatu akasema ya mamake ina iliki, hii haina, basi.

Tulipopata upenyo tulikwenda San Pedro Claver. Huyu alikuwa Mjesuiti kutoka Uhispania, alifika Cartagena mwaka 1610, akafa humo 1654, akatangazwa mtakatifu 1888. Mifupa yake iko chini ya altare, ndani ya kioo, na fuvu linatazama. Kazi yake ilikuwa kukutana na meli za watumwa zinapoingia, kushuka ngamani, chini ya meli, na maji, matunda na dawa, na kubatiza. Alijiita mtumwa wa Waafrika milele.

Hapo pia kuna jambo ambalo hupitwa haraka. Claver hakujua lugha za wale watu. Alikuwa na wakalimani, nao walikuwa watumwa waliomilikiwa na chuo cha Wajesuiti. Mmoja aliitwa Andrés Sacabuche, mtu wa Angola. Alikuja kutoa ushahidi katika uchunguzi wa utakatifu wa bwana wake. Fikiria kazi ya mtu huyo. Mlango wa ngama unafunguliwa baada ya wiki nyingi za bahari, na sauti ya kwanza inayoeleweka ni ya mtu aliyeletwa kwa njia ile ile, aliyetumwa na wenye mji kuja kutuliza watu. Aliwaambia nini kabla ya kuwaambia alichotumwa?

Ningekuwa na uwezo ningemwekea yeye sanamu uwanjani, na padri asimame nyuma kidogo.

## Ami

Usiku ule nilimpigia Ami, ndugu mdogo wa baba. Alikuwa akiongoza wageni Ngomeni miaka ile ambayo manowari za Marekani zilikuwa zikitia nanga Kilindini na mji mzima ukijua kwa kelele za Kilindini Road. Nilimweleza habari ya dola tano nikitarajia atacheka, akacheka.

"Mulimlipa?"

"Tulimlipa, Ami."

"Vyema. Sasa ngoja nikwambie. Wale wanamaji weusi wa Kimarekani walikuwa wakishuka wakitukumbatia. Ndugu, ndugu! Wengine wakilia pale langoni, wallahi, wanaume wazima. Na sisi tukiwatoza zaidi ya wazungu."

"Zaidi?"

"Mzungu akibishana. Yule aliyekwisha kukuita ndugu, ataanzaje kubishana?"

Nilikaa kimya. Ami akadhani simu imekatika, akasema halo, halo. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini ya mtu anayesogeza kiti, kwamba si ulafi tu. "Mtu akikulilia wewe mbele ya ukuta ule, humjui, hakujui, utamfanyia nini? Nilikuwa na watoto wanne. Nilimpa hadithi, akanipa pesa. Lile la kulia sikuwa na la kulifanya."

Tangu simu ile sijaweza kumkasirikia yule mama hata kwa kujilazimisha. Lakini Ami alifungua mlango mwingine ambao nadhani hakuukusudia.

## Undugu upi

Waliouzwa Plaza de los Coches walitoka zaidi Guinea ya juu, Kongo na Angola. Njia za utumwa za pwani yetu zilielekea kwingine kwa sehemu kubwa: Uarabuni, Ghuba, visiwa vya Bahari ya Hindi, na mashamba ya hapa hapa. Kwa hiyo nilipomwambia yule mama "Afrika" nilikuwa nimetaja bara, si ukoo.

Na si hilo tu. Mji wa Kale ulikuwa na mabwana. Utumwa haukufutwa kisheria katika ukanda wetu wa pwani ila mwaka 1907. Babu wa babu yangu alikuwa na shamba la minazi upande wa Kisauni, na halikulimwa na malaika. Nyumbani hilo halisemwi. Husemwa tu kwamba tulikuwa na shamba. Mimi, wa nyumba ile, nilikuwa nasimama mbele ya mjukuu wa watoro nikitaka punguzo kwa sababu ya rangi ya ngozi.

Maana ndivyo alivyo. Wanawake wale wanaitwa palenquera kwa sababu wengi wanatoka San Basilio de Palenque, kijiji kilichotokana na watumwa waliotoroka. Kiongozi wanayemkumbuka ni Benkos Biohó, aliyepigana na Wahispania, akafanya nao mapatano, kisha akakamatwa na kuuawa Cartagena mwaka 1621. Jamii za watoro ziliendelea. Wana lugha yao, mchanganyiko wa Kihispania na Kikongo, ambayo bado inasemwa. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua utamaduni wao kuwa urithi wa binadamu. Hapo ndipo alipozaliwa Kid Pambelé, bingwa wa dunia wa ndondi wa 1972. Sanamu ya Benkos iko hapo pia, na minyororo iliyokatika.

Haya yote tuliyajua kijuujuu kabla hatujashuka. Kijana wa Likoni ndiye aliyetaka twende.

"Ni mbali kiasi gani?"

Kilomita hamsini hivi, na msongamano wa kutoka mjini.

Hatukwenda. Saa hazikutosha.

## Duara

Chukua ramani ya mji wowote wa bandari. Weka ncha ya bikari kwenye gati. Fungua bikari kwa mwendo ambao mtu anaweza kwenda na kurudi kabla ngazi ya meli haijapandishwa. Chora. Kilichomo ndani ya mstari ndicho kinachoitwa historia ya mji ule, maana ndicho kinachoonwa, kinacholipiwa, kinachopakwa rangi upya kila mwaka.

Cartagena, ndani ya duara kuna kuta, mfalme, admirali, mtakatifu na peremende. Palenque iko nje. Kwa hiyo Palenque inalazimika kuja. Inaamka gizani, inavaa rangi za bendera, inapanda gari na beseni lake, inaingia ndani ya mstari na kusimama pale ambapo nyanya wa manyanya zake waliuzwa, na inasema: tano. Wanawake hawa walikuwa wakiuza matunda mitaani kabla ya watalii wa kamera kuwapo. Gauni la bendera na picha vilikuja baadaye, biashara ya matunda iliposhindana na biashara ya sura. Sijui kama anaipenda kazi yake. Najua kwamba nauli yake imo ndani ya zile dola.

Na sisi? Mgeni akishuka Kilindini leo, anapelekwa Ngomeni, kisha sanamu za meno ya tembo za Moi Avenue, kisha viungo vya soko la Markiti. Hilo ndilo duara letu. Kule Kisauni, ng'ambo tu ya daraja la Nyali, kuna Frere Town, mahali ambapo wamishenari wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, waliwakalisha watumwa waliokombolewa tangu 1875, wengine wakiwa wamesomeshwa India kwanza. Kengele yao bado imesimama kando ya barabara, ile iliyokuwa ikigongwa kuonya watu hatari ikija. Makondakta wa matatu huitaja mara elfu kwa siku, "Kengeleni! Kengeleni!", na sisi tunashuka, tunanunua mahindi ya kuchoma, tunakwenda zetu. Na bara ya Kilifi, Fuladoyo, watoro wa mashamba ya pwani walijenga makao yao wenyewe, bila mmishenari, na yakashambuliwa. Hakuna basi la kitalii linalokwenda Fuladoyo. Hakuna hata mtu wa Fuladoyo anayekuja Ngomeni na beseni.

Nikiwa likizo nilijaribu. Mhindi mmoja tuliyewahi kufanya kazi naye alikuwa amehamia meli ya mizigo, nayo ikaingia Kilindini. Alikuwa na alasiri moja. Nilimwambia kuna Ngome ya Yesu, na kuna mahali pengine ambapo wakaaji wa kwanza wengine waliitwa Wabombei, kwa sababu walitoka kwenu. Akasema twende huko kwanza.

Tulikaa kwenye foleni ya daraja la Nyali tukitokwa na jasho. Tulipofika alitazama kengele, akatazama matatu, akanitazama mimi kwa adabu ya mgeni asiyetaka kukuvunja moyo. Akauliza iko wapi sehemu ya kuingilia. Nikamwambia ni hii. Akauliza nani alikuwa akiigonga, mwanamume au mwanamke, alilipwa, alikuwa mtumwa yeye mwenyewe? Nilimtazama muuza madafu aliye karibu, naye akanitazama. Tulikunywa madafu. Ngomeni hatukuwahi, lango lilikuwa limeshafungwa.

Alipokuwa anapanda meli alisema ameshakwenda ngome nyingi.

## Gari la Palenque

Kijana wa Likoni hajakata tamaa. Yuko kwenye meli nyingine sasa, na ratiba yao inaipitia Cartagena. Ananitumia hesabu kwa WhatsApp: akibadilishana zamu na Mwindonesia wa usiku, akawa wa kwanza kwenye ngazi, gari likamngoja nje ya geti, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, inabaki nusu saa kijijini, na akiba ya robo saa kwa msongamano. Ameshapata watu watatu wa kuchangia nauli, mmoja Mzimbabwe, wawili Wafilipino wanaotaka kuona alikozaliwa bingwa wa ndondi.

Nikamwandikia kwamba robo saa si akiba, na akiachwa na meli atajilipia ndege mpaka bandari inayofuata, ikiwa hatafukuzwa kazi.

Akajibu kwamba mkataba wake unaisha mwezi ujao hata hivyo. Kisha akaniuliza kule Palenque mtu anasalimiaje, na kama ni adabu kupeleka kitu. Nimemwambia apeleke kashata, ile ya mamake, yenye iliki.